Je, St. John's ya Newfoundland inaweza kuibeba timu mpya ya vijana ya hoki ya barafuni?

#1 Mwanamaji wa Lamu

Wadau, salamu. Naandika kiangazi hiki cha 2025, kabla msimu haujaanza. Ninaishi St. John's, makao makuu ya jimbo la Newfoundland na Labrador, Kanada, na kuanzia msimu wa 2025–26 jiji letu litakuwa na timu ya hoki ya vijana iitwayo Newfoundland Regiment. Asili yake ni Acadie-Bathurst Titan ya New Brunswick, mabingwa wa Kombe la Memorial, kombe kuu la hoki ya vijana Kanada, mwaka 2018, ambao wamenunuliwa na kuvushwa bahari pamoja na nafasi yao katika ligi ya vijana ya Quebec na mikoa ya Maritime, yaani ya pwani ya mashariki. Kila ninapokaa kwenye chumba cha chai kazini nasikia watu wakipongezana kama vile kombe limekwisha kuletwa.

Mimi nina shaka, na shaka yangu inatoka kwenye historia. Kwanza walikuwapo St. John's Maple Leafs wa ligi ya pili ya wakubwa, tangu 1991 hadi 2005, walipohamishiwa Toronto. Wakafuata Fog Devils wa ligi hii hii ya vijana, ambao walicheza misimu 3 tu, 2005 hadi 2008, kisha wakauzwa Montreal. Baadaye wakaja IceCaps, 2011 hadi 2017, nao wakahamia Laval. Mwisho wakaja Growlers wa ligi ya tatu, 2018 hadi 2024, na hao hawakuhama hata kidogo: ligi iliwafutia uanachama mwezi wa Aprili, msimu ukiwa haujaisha.

Hizo ni timu 4 katika muda wa miaka isiyozidi 35. Sensa ya 2021 inasema jiji lenyewe lina watu 110,525, na ukiongeza miji inayolizunguka wanafika 212,579. Je, jiji la ukubwa huu linatosha kuilisha timu ya vijana, au tunajiandaa kuaga kwa mara ya tano? Mimi nasema Regiment hawatafika msimu wa tano. Anayeweza kunipinga anipinge kwa hoja.

#2 Kamusi ya Takwimu

Ahsante kwa uzi mzuri, ila orodha yako inachanganya mambo yasiyofanana. Maple Leafs, IceCaps na Growlers zilikuwa timu za wachezaji wa kulipwa, kila moja ikiwa chini ya timu kubwa ya NHL, ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini, na uamuzi wa kuondoka kwa mbili za kwanza ulifanyika Toronto na Montreal kwa sababu wakubwa walitaka vijana wao wawe karibu. Jiji halikushindwa pale, lilinyang'anywa. Ukitaka kupima uwezo wa jiji kwa timu ya vijana, ushahidi wako unabaki mmoja tu, nao ni Fog Devils.

Na kuhusu ukubwa wa jiji, Bathurst wanakotoka Titan hawa ina watu wapatao 12,000, na timu iliishi pale tangu 1998. Miaka 27 katika mji ambao wakazi wake wote, watoto wachanga wakiwemo, ni takriban mara mbili tu ya viti vya uwanja wenu. Kama idadi ya watu ndiyo kipimo, Bathurst isingemaliza hata msimu wa pili.

#3 Mtoto wa Muheza

Wakuu, nimesoma mara mbili na bado sijaelewa. Google inaniambia timu ya Saint John inaitwa Sea Dogs na imechukua kombe mara mbili, sasa mleta uzi anasemaje jiji lake halina bahati? Halafu nieleweshwe, timu inanunuliwa na kuhamishwa kama kochi? Ingawa na sisi Tanzania hatuna haki ya kushangaa, maana Ihefu ya Mbarali tuliiona kwa macho yetu ikigeuka kuwa Singida Black Stars mwaka 2024.

#4 Kamusi ya Takwimu

Kaka wa Muheza, umeingia kwenye mtego unaowanasa hata wasafiri wanaokata tiketi za ndege. Saint John iko New Brunswick, bara. St. John's iko kisiwani Newfoundland, na kati yao kuna bahari.

Lakini mtego huo umetupa mfano bora kuliko wote. Mwaka 2005 ligi iliongeza timu mbili kwa pamoja: Sea Dogs ya Saint John na Fog Devils ya St. John's. Ligi moja, msimu mmoja wa kuanzia, viwanja vya ukubwa unaokaribiana sana. Saint John ina watu 69,895 kwa sensa ile ile ya 2021, yaani ni ndogo kuliko St. John's kwa kiasi kikubwa. Sea Dogs walikuwa dhaifu mwanzoni, wakavumilia, wakachukua Kombe la Memorial mwaka 2011, wakalichukua tena mwaka 2022 wakiwa wenyeji, na mpaka leo wapo. Fog Devils walikufa baada ya misimu 3. Kwa hiyo jiji dogo lilibaki na timu yake, jiji kubwa likaipoteza. Mwenye kusema kwamba ni suala la idadi ya watu anijibu hilo kwanza.

#5 Dereva wa Uvira

Salamu kutoka Moncton. Hapa sisi Wakongo tuko wengi kwa sababu New Brunswick inatumia Kifaransa na Kiingereza, na mtu akifika anapata kazi bila kusubiri ajifunze lugha upya. Mimi naendesha mabasi ya kukodi, na timu za vijana nimezibeba. Jibu la Kamusi ninalo, nalo ni barabara.

Katika ligi hii ya timu 18, timu 12 ziko Quebec na 6 ziko mikoa ya Atlantiki. Kila timu inacheza mechi 64, nusu yake ugenini. Kutoka Saint John kuja Moncton, kwenda Halifax au Charlottetown, unapakia vijana asubuhi, wanacheza usiku, na baada ya mechi wanarudi kulala kwao. Basi ni ghali, lakini ni gharama moja unayoijua mapema: mafuta, dereva, na chakula cha vijana ambao wanakula kama hawajawahi kuona chakula. Hata safari ndefu kupita zote, Sydney ya Cape Breton mpaka Rouyn-Noranda, zaidi ya kilomita 1,800, inafanyika kwa basi. Nyuma wanatandika magodoro membamba kati ya viti, wengine wanafanya kazi za shule kwenye simu, na vifaa vilivyolowa jasho vinanuka humo ndani mpaka unafungua dirisha nje kukiwa na baridi ya kuua.

Sasa nenda Newfoundland. Kuna meli ya kivuko kutoka North Sydney hadi Port aux Basques, karibu saa 7 bahari ikiwa tulivu, na ukishuka umebakiwa na kilomita 900 hivi kufika St. John's, usiku, na wale wanyama wakubwa kama punda mwenye mapembe wanavuka barabara wanavyotaka. Hakuna timu itakayofanya hivyo kila wiki. Lazima ndege. Watu zaidi ya 25 na mizigo yao ya vifaa, kila safari ya ugenini, na kila mgeni anayekuja kwako vilevile anauliza nani atamlipia. Timu ya Saint John inaweza kuishi na watazamaji wachache kwa sababu haina bili hiyo. Timu ya St. John's inahitaji watazamaji wengi zaidi ili tu ifike pale Saint John inapoanzia.

#6 Nahodha Mstaafu

Dereva ameeleza vizuri, lakini barabara haijabadilika tangu 1991, na bado Maple Leafs walidumu miaka 14 wakipanda ndege hizo hizo. Ukungu ni ule ule, bahari ni ile ile. Kinachobadilika ni fedha ya mjini.

Niliishi St. John's miaka kadhaa nikifanya kazi za meli za huduma kwenye visima vya baharini. Uchumi wa kisiwa ulivunjika tarehe 2 Julai 1992 serikali ilipofunga uvuvi wa chewa, na uliinuka tena mafuta yalipoanza kutoka Hibernia, kisima cha baharini, mwaka 1997. IceCaps walikuja 2011, pipa la mafuta likiwa juu ya dola 100, na katika misimu ya mwanzo tiketi zilikwisha mechi baada ya mechi. Waliokalia vyumba vya juu vya kulipia walikuwa wakandarasi, mawakili na mabenki waliokuwa wakitafutana biashara. Nusu ya pili ya 2014 bei ikaporomoka, na mara vyumba vile vikaanza kubaki na taa zimezimwa. Timu inabebwa na makampuni kabla ya kubebwa na mashabiki. Niambie bei ya mafuta itakuwaje mwaka 2028 nikuambie kama Regiment watakuwapo.

#7 Bi Zuhura

Nahodha, kwa heshima zote, Fog Devils waliondoka katikati ya 2008, na Julai ya mwaka huo mafuta yalivunja rekodi yakapita dola 140 kwa pipa. Kwa hesabu yako timu ile ilipaswa kuwa imekaa kwenye kiti cha dhahabu.

Mimi nafikiri watu hawataki kusema jambo moja la wazi: jiji lilikuwa limezoea kuona watu wazima. Kwa miaka 14 mashabiki walikuwa wakiwatazama wachezaji ambao wiki inayofuata wangeweza kuitwa Toronto na kuonekana kwenye televisheni. Ghafla, msimu uliofuata bila hata mwaka mmoja wa kupumua, wanaletewa watoto wa miaka 16 na 17 kwa viti vile vile. Saint John nao walikuwa na timu ya wakubwa iitwayo Flames, ila iliondoka mwaka 2003, na miaka miwili bila hoki ilitosha kuwafanya wawe na njaa. Sasa hivi St. John's imekaa bila timu tangu Aprili 2024. Pengine njaa hiyo ndiyo itakayowasaidia Regiment kuliko kitu kingine chochote.

#8 Kamusi ya Takwimu

Bi Zuhura, hoja ya njaa ni nzuri kuliko zote mpaka sasa. Naongeza kwamba Halifax pia ilipoteza timu yake ya wakubwa, Citadels, mwaka 1993, na timu yake ya vijana, Mooseheads, ikaanza 1994. Ndiyo timu iliyoufungulia mlango ukanda wote wa Atlantiki katika ligi hii.

#9 Mwanamaji wa Lamu

Naona kila mmoja anakwepa Growlers. Wale walichukua kombe la ligi yao mwaka 2019, katika msimu wao wa kwanza kabisa. Hata hivyo walikufa. Mwaka 2021 waligombana na wasimamizi wa uwanja, wakatolewa, wakawa wanacheza katika ukumbi mdogo wa Conception Bay South huku uwanja mkubwa ukiwa mtupu. Kwa hiyo kushinda hakutoshi, na njaa haitoshi.

Uwanja wenyewe, Mary Brown's Centre, ulifunguliwa 2001 kwa jina la Mile One, una viti zaidi ya 6,000, na ni mali ya jiji. Kila mwaka madiwani wanabishana kuhusu ruzuku yake. Mwenye timu anataka pango liwe dogo na apate sehemu ya mauzo ya bia na chakula, mwenye uwanja anataka apunguze hasara ya walipa kodi. Hapo ndipo ndoa zote zinapovunjikia. Uwanja wa zamani, Memorial Stadium, siku hizi ni duka kubwa la vyakula. Nanunua unga wangu pale, na wazee kwenye foleni bado wanaonyesha kwa kidole mahali goli lilipokuwa.

#10 Mtoto wa Muheza

Basi Regiment wakishindwa na uwanja huu wa sasa nao ufanywe duka, mleta uzi atapata unga karibu zaidi na kazini.

#11 Mama Warda

Hamjambo nyote. Mimi niko Charlottetown, Kisiwa cha Prince Edward, na nyumba yetu imekuwa familia mwenyeji wa mchezaji. Nimeona hakuna aliyetaja upande huo.

Vijana hawa wanatoka kwao wakiwa na miaka 16. Timu inawapangia familia za mjini, inakupa posho kidogo ya chakula ambayo haitoshi hata maziwa, na wewe unakuwa mzazi. Wetu alitoka kijiji cha Quebec, hakujua Kiingereza, na sisi Kifaransa chetu kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo mwezi wa kwanza tuliongea kwa vyombo na vidole. Alijifunza kula wali wa nazi na mchuzi wa samaki kwa mikono, na mama yake alipokuja kumtembelea wakati wa Krismasi alishangaa kumkuta mwanawe anasema "karibu". Majirani ambao hawakuwahi kwenda uwanjani walianza kwenda kwa sababu walimjua yule anayefagia theluji mlangoni kwetu. Timu inaota mizizi kupitia nyumba 20 hivi za namna hiyo, na kazi hiyo haifanywi na bango la matangazo.

Charlottetown ina watu 38,809 tu, na timu ilihamia hapa kutoka Montreal mwaka 2003. Imekuwa na misimu ya njaa, ikabadilishwa jina kutoka Rocket kuwa Islanders mwaka 2013, lakini ipo. Nasi pia ni kisiwa.

#12 Dereva wa Uvira

Mama Warda, kisiwa chenu kina daraja tangu 1997. Nalivuka na basi kwa dakika 10 hivi. Hiyo ndiyo tofauti yote.

#13 Mama Warda

Upepo ukizidi magari makubwa huzuiwa kupita, mwanangu, au umesahau ulivyokesha upande wa pili? Lakini nimekuelewa.

#14 Simba wa Barafu

Nawafuatilia kutoka Nairobi. Kwetu hoki ya barafuni tunaijua kupitia timu yetu ya Ice Lions, ambao walijifunzia kwenye ule uwanja mdogo wa hoteli kando ya Barabara ya Mombasa, na ambao mwaka 2018 walialikwa Kanada wakacheza pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Kenya iliingia katika shirikisho la kimataifa mwaka 2024. Swali langu ni la mtu wa nje: hawa vijana wanalipwa? Kama hawalipwi, fedha zote zinakwenda wapi mpaka timu ishindwe kuishi?

#15 Kamusi ya Takwimu

Wana umri wa miaka 16 hadi 20, na wale wa miaka 20 huruhusiwa wachache tu katika kila timu. Hawapati mshahara wa maana, bali posho, malazi kwa familia kama ya Mama Warda, vifaa, na ada ya chuo kulingana na misimu waliyocheza. Fedha zinakwenda kwa makocha, watafuta vipaji, vifaa (fimbo moja ya kisasa inaweza kupita dola 300 na inavunjika kwa shuti moja), pango la uwanja, na safari.

Kuna jambo kubwa zaidi ambalo limebadilisha hesabu za kila timu ya vijana Kanada. Kwa miaka mingi vyuo vya Marekani viliwakataa wachezaji waliopita kwenye ligi hizi, kwa madai kwamba wamekwisha kuwa wa kulipwa. Novemba 2024 vyuo hivyo vilipiga kura kuondoa kizuizi hicho kuanzia Agosti 1, 2025. Sasa kijana anaweza kucheza hapa akiwa na miaka 17, kisha akaenda chuo Marekani.

#16 Nahodha Mstaafu

Na hilo litaziua timu ndogo. Kijana mzuri wa miaka 19, yule anayewavutia watu kununua tiketi, ataondoka kwenda Boston au Michigan. Utabaki na watoto na mapengo.

#17 Dereva wa Uvira

Nahodha, mimi naona kinyume chake, hasa kwa Newfoundland. Alex Newhook ni mzaliwa wa St. John's. Kwa kuwa alitaka chuo cha Marekani, ligi hii aliiepuka, akaenda kucheza Victoria, mwisho kabisa wa upande wa pili wa nchi, kisha Boston College, na mwaka 2022 akachukua Kombe la Stanley, ndilo kombe la NHL, na timu ya Colorado. Dawson Mercer naye ni wa kisiwa hicho hicho, alipita ligi hii, lakini kwa kuchezea Drummondville na Chicoutimi, mbali na mama yake. Kama sheria ya sasa ingekuwapo wakati huo, na timu ikawapo nyumbani, Newhook angeweza kucheza mbele ya watu waliomfundisha kuteleza. Mtu atalipa tiketi kumwona mtoto wa jirani.

#18 Bi Zuhura

Wachezaji wanachaguliwa kwa zamu na timu za ligi nzima, Dereva. Timu ya Newfoundland haina haki ya kwanza kwa watoto wa Newfoundland. Timu ya Rimouski, Quebec, wakimtaka mtoto wa Bay Roberts ya kisiwani kabla yako, anakwenda Rimouski.

Nirudi kwenye watazamaji, kwa kuwa huko ndiko ninakokujua. Nilifanya kazi za jioni kwenye jiko la uwanja mmoja wa timu ya vijana mikoa hii ya Maritime, na nitasema niliyoyaona bila kuutaja. Mchana msimamizi alikuwa akitupa idadi ya tiketi zilizouzwa, na kwa idadi hiyo tuliamua tuwashe makarai mangapi ya kukaangia viazi. Siku mbaya tuliwasha moja, na upande mmoja wa uwanja pazia jeusi lilishushwa kufunika viti ili kamera zisionyeshe utupu. Siku nzuri zilikuwa zipi? Siyo siku za timu kali. Zilikuwa Jumamosi mchana, shule zikiwa zimepewa tiketi za bei nafuu, na siku ambazo kila mtazamaji alitupa mdoli barafuni goli la kwanza likiingia ili wapelekewe watoto hospitalini. Mzazi anakuja na watoto watatu, ananunua viazi vitatu, soda tatu na kofia moja. Hao ndio wanaolipa mishahara. Mtaalamu wa hoki anayejua kila mchezaji anakuja peke yake, na chai yake ameibeba kwenye chupa.

Kwa hiyo nikisikia watu wanabishana kuhusu kiwango cha mchezo, huwa nacheka, ingawa mimi mwenyewe nilianza na hoja hiyo hapo juu.

#19 Mtoto wa Muheza

Bi Zuhura amejipinga mwenyewe na bado ameshinda. Swali dogo: sisi wahamiaji huko tunakwenda uwanjani, au tunakaa ndani tunatazama Simba na Yanga?

#20 Mwanamaji wa Lamu

Kwa St. John's, wanafunzi wa kigeni wa Chuo Kikuu cha Memorial ni wengi, na wapo pia watu kutoka Afrika, Ufilipino na Ukraine, lakini uwanjani huwaoni. Tiketi peke yake haitutishi. Kinachotutisha ni kwamba hatujui sheria, hatuna mtu wa kutukalisha karibu naye, na mechi inakwisha basi la mwisho la mtaani likiwa limekaribia. Niliwahi kuwapeleka jamaa wawili wa Mombasa kwenye mechi ya Growlers. Walipiga kelele kama wako Kasarani, ijapokuwa kisahani chenyewe cha kuchezea hawakuwahi kukiona kilipopita.

#21 Nahodha Mstaafu

Mmesahau jina. Wenye timu wameiita Regiment kwa heshima ya kikosi cha Newfoundland kilichoteketea Beaumont-Hamel, Ufaransa, tarehe 1 Julai 1916. Waliokwenda mbele asubuhi ile walikuwa takriban 800, na walioitikia majina yao siku iliyofuata walikuwa 68. Kisiwani, siku ambayo Kanada nzima inasherehekea taifa, watu wanaanza kwa kuomboleza. Ukivaa jina hilo kifuani, mzee wa Bonavista ambaye hajawahi kupenda hoki ya vijana ataona aibu kuiacha timu ife. Fog Devils, mashetani wa ukungu, nani angelia kwa ajili yao?

#22 Kamusi ya Takwimu

Nahodha, jina halilipi nauli ya ndege. Na likitumika vibaya, timu ikafungwa mechi 10 mfululizo na jina hilo mgongoni, yule yule mzee atakuwa wa kwanza kuandika barua gazetini.

#23 Dereva wa Uvira

Niongeze jambo la hali ya hewa, kwa sababu naona linapuuzwa. Tarehe 17 Januari 2020 St. John's ilipata sentimita 76 za theluji kwa siku moja, na jiji likawa chini ya amri ya dharura kwa siku 8. Basi langu likikwama, mechi inachezwa kesho. Ndege ikikwama kwa ukungu, timu ngeni inalala hotelini siku mbili, inakosa mechi yake ya Jumanne kule Baie-Comeau, na ratiba ya timu 3 inaharibika. Timu za Quebec zikianza kuchoka na hilo, zitasema kwenye vikao vya ligi, na zenyewe ni 12 kwa 6.

#24 Mwanamaji wa Lamu

Hilo limetatuliwa kwa sehemu: mgeni anacheza mechi mbili kwa siku mbili mfululizo, kisha anaondoka, ili nauli moja izae mechi mbili. Ila hapo linazaliwa tatizo la Bi Zuhura. Familia yenye watoto watatu haiwezi kuja Ijumaa na Jumamosi. Itachagua moja, na ile nyingine itakuwa ya karai moja.

#25 Bi Zuhura

Hapo umenigusa. Wauze tiketi za msimu za nusu, yaani mechi ya kwanza au ya pili ya kila jozi kwa bei ya chini.

#26 Kamusi ya Takwimu

Na mechi ya pili iwe mchana. Tukumbuke pia kwamba saa za Newfoundland ziko nusu saa mbele ya Halifax, na saa moja na nusu mbele ya Montreal. Mechi ikianza saa moja usiku St. John's, mjini Quebec ni saa kumi na moja na nusu jioni, mzazi wa mchezaji bado yuko kazini na hawezi kuitazama mtandaoni. Wadhamini wa Quebec huangalia hilo.

#27 Nahodha Mstaafu

Wadhamini wa Quebec hawajawahi kuilipia timu ya Newfoundland na hawataanza leo. Nionyesheni mkataba wa uwanja kwanza. Kama mwenye timu amepewa sehemu ya bia, nampa misimu 8. Kama hakupewa, Mwanamaji atakuwa amekosea kwa upande mwingine, kwa sababu hata wa tatu ni mbali.

#28 Mama Warda

Kabla ya mkataba wa bia, kuna yeyote anayejua kama wamekwisha kupata familia za kutosha? Kambi ya mazoezi ni Agosti. Mwanamaji, una chumba cha ziada au huna?